Sekunde Hamsini za Ukuta

Saa nane na dakika sita mchana, watu saba wa leveli ya kumi na nne katika Mgodi wa Lugalamila walikuwa hai, wana akili timamu, wana mapafu saba ya nje, zile mashine za kuchuja hewa, yaliyofungwa shingoni mwao kwa kufuli, na hakuna hata pafu moja lililokubali kupumua. Nataka hilo lieleweke mwanzoni kabisa, kabla mtu hajaanza kuniletea hadithi za ajali. Moto ulikuwa ajali. Mapafu hayakuwa ajali.

Mimi ni Kabula, fundi wa mtandao wa mgodi. Nilikuwa juu, kwenye chumba cha udhibiti, nimekodolea macho skrini iliyokuwa inaandika maneno mawili tu kila baada ya sekunde chache: HAKUNA ANWANI. Inafuta, inatulia, inaandika tena. Ningeweza kuing'oa ukutani.

Mkanda wa kubebea mawe ndio ulioshika moto. Ving'ora vikalia, na watu mia tatu na arobaini wa leveli nyingine wakaanza kupanda ngazi za chuma huku feni kubwa zikiwapulizia hewa safi. Hawa saba moshi uliwazibia njia. Wakafanya walivyofundishwa: wakaingia chemba, kile chumba cha chuma cha kujikingia, wakafunga mlango. Moshi ulipenya kidogo kidogo, lakini hilo lisingekuwa kitu kama mapafu yangekuwa mazima.

Hayakuwa mazima kwa sababu kuna mtu ofisini aliona ni busara kutuma sasisho la mapafu katikati ya zamu. Moto ulikata mawimbi sasisho likiwa limefika nusu. Pafu lililofutwa nusu halina tofauti na kopo la rangi. Dawa yake inajulikana: chomeka waya wa pafu kwenye tundu la ukutani, ukae. Pafu litaamka lenyewe, litaomba anwani ya mtandao, seva italipatia, litashusha programu mpya ya Linux na kujipakia bila mtu kugusa kitufe, na baada ya dakika nne litaanza kuchuja moshi. Tuliwaahidi hivyo siku ya kuwafunga kufuli.

"Kabula, halitaki," Ng'wasi akasema kwenye simu ya chemba. Ng'wasi ndiye kiongozi wa zamu ile. Tulisoma dawati moja sekondari, na sauti yake naijua hata akiwa anapiga chafya.

"Mmechomeka tundu gani?"

"La kushoto. La kulia nalo tumejaribu. Taa inawaka, halafu basi, hamna kitu."

"Nani yuko kwenye waya sasa hivi?"

"Mihayo. Kabla yake Lubango. Kabla yake mimi."

"Kila mmoja anakaa muda gani?"

"Pumzi tatu," akasema, kama vile nimeuliza jua linachomoza wapi.

Hapo nikaelewa, na damu ikanipanda. Kwenye chemba kuna chupa moja ya oksijeni na barakoa moja. Wachimbaji wa Lugalamila wana desturi yao, pumzi tatu, pisha mwenzio, na hawaivunji hata kwa viboko. Nimewaona kantini wakipokezana kikombe kimoja cha chai, mafunda matatu kwa matatu, na vikombe vingine vimejaa mezani. Sasa walikuwa wameichukua desturi ya chupa wakaipeleka kwenye waya. Kila mtu anachomeka, anahesabu pumzi zake tatu, anachomoa kwa heshima zote, anampisha mwenzake.

"Acheni kupishana!" nikapiga kelele. "Waya ukae kwa mtu mmoja!"

"Mmoja nani?"

"Yeyote, jamani! Mihayo abaki. Asichomoe mpaka niseme."

Tundu za ukutani kule chini haziamini mtu. Ukichomeka kitu, taa inawaka, lakini ukuta haupitishi neno lolote kwa sekunde hamsini. Unasikiliza kwanza. Ukichomoa na kuchomeka upya, unaanza kusikiliza tena toka moja. Kwa pumzi tatu za mtu aliyeogopa, ambazo ni sekunde kumi hivi, hakuna ambaye angefika hamsini hata wangepishana mpaka Krismasi.

Nikahesabu kwa sauti ili wanisikie. Kumi. Ishirini. Ng'wasi alikuwa anawaambia wenzake watulie. Ishirini na nane, ishirini na tisa, thelathini.

HAKUNA ANWANI.

"Mmechomoa?"

"Hatujagusa! Mihayo ameushika waya kwa mikono miwili."

Nikafungua kumbukumbu za tundu, mstari kwa mstari. Taa imewaka. Baada ya sekunde thelathini taa imezimika. Taa imewaka tena. Ukuta umeanza kuhesabu toka moja. Hakuna mkono wa mtu uliogusa. Pafu lenyewe, baada ya kuomba anwani kwa sekunde thelathini bila kujibiwa, lilikuwa linakata tamaa, linajizima, linajiwasha, linaanza upya. Na kila likijizima, ukuta unaliona ni mgeni aliyeingia sasa hivi. Pafu linasubiri thelathini, ukuta unataka hamsini. Wasingekutana milele.

Karakana yetu ya juu ina swichi za mtandao za zamani ambazo hazisikilizi chochote. Pale pafu hupata anwani ndani ya sekunde mbili. Tumeyapakia mapafu elfu moja mia nne karakanani, tukapigana makofi mgongoni, na hatukuwahi kushusha hata moja tukalijaribu kwenye ukuta wa chemba. Nilipiga meza ngumi mpaka kidole kikavimba. Thelathini ile imechomwa ndani ya pafu kiwandani. Siwezi kuibadilisha nikiwa juu. Ilibaki hamsini ya ukuta.

*

Injinia Bashaija, mkuu wa usalama, alikuwa amesimama nyuma yangu na kofia ya chuma kichwani ingawa tulikuwa chini ya dari. Ulinzi wa ukuta hauondolewi na mtu mmoja. Kuna funguo mbili kwenye meza ya udhibiti, wangu na wake, na lazima zizungushwe pamoja.

"Injinia, naomba ufunguo wako. Niondoe ulinzi kwenye tundu mbili za chemba ya kumi na nne."

"Hapana."

"Hujaniuliza kwa nini."

"Najua kwa nini. Jibu ni hapana."

"Kuna watu saba wanavuta moshi!"

"Na kuna mia tatu na arobaini kwenye ngazi." Hakupandisha sauti. Yeye hapandishi sauti, na hilo pekee linatosha kumfanya mtu achukie. "Unakumbuka Shimo la Tatu?"

Nani asiyekumbuka? Miaka tisa nyuma, kwenye chemba kama ile, gizani, mchimbaji mmoja aliona ncha ya waya inaning'inia. Akafanya wema. Akaichomeka ukutani ili mwenzake asije akakosa. Hakujua kwamba ncha ya pili ya waya uleule ilikuwa tayari imechomekwa kwenye tundu la jirani. Ikawa kitanzi. Neno linatoka tundu hili, linaingia lile, linarudi, linazaliana, mpaka mtandao mzima ukajaa kelele zake wenyewe. Feni za mgodi zinaongozwa na mtandao huohuo. Zikangoja amri ambayo haikufika, zikasimama. Watu kumi na tisa walikufa, wote mbali na ule waya. Ndipo sekunde hamsini zikawekwa: ukuta usikilize kwanza kama sauti yake inarudi, na ikirudi ufunge tundu.

"Wanne niliwabeba kwa mikono hii," Bashaija akasema. "Chemba ina tundu mbili. Ina watu saba, giza, moshi, na kila pafu lina waya na tundu la kupitishia. Mmoja akikosea, feni zinasimama na mia tatu wanaanguka kutoka kwenye ngazi. Haraka haraka haina baraka, Kabula."

"Na ngoja ngoja huumiza matumbo, Injinia!"

"Wa mwisho akishatoka, nitazungusha ufunguo huu mwenyewe. Dakika thelathini na tano."

"Chupa yao ina dakika kumi na tano!"

Akaivua kofia, akaitazama ndani, akaivaa tena. Kilichoniudhi zaidi ni kwamba hakuwa mjinga. Ningekuwa na mjinga mbele yangu ningemtukana, nikampokonya ufunguo, na roho yangu ikatulia. Huyu alikuwa na haki, na haki yake ilikuwa inaua watu ninaowasikia wakikohoa.

*

Nikarudi kwenye faili la mapafu kutafuta mlango wa nyuma. Nililisoma toka juu, haraka, huku Ng'wasi akiniambia kwenye spika nani amekohoa na nani amekaa chini. Mstari wa arobaini na mbili ukanisimamisha.

Pafu lisilo na anwani lisifungue hewa.

Chini yake jina la aliyeandika: Kabula.

Miaka mitatu iliyopita wavamizi walikuwa wanashuka shimoni na mapafu ya wizi kuiba mawe yenye dhahabu. Uongozi ukataka dawa. Kufuli za shingoni zilikuwa wazo lao, ili mtu asimwazime mvamizi pafu lake. Mstari ulikuwa kazi yangu, na niliumaliza mchana mmoja nikaenda kula. Hakuna aliyeniamuru niweke anwani mbele ya hewa. Ningeweza kuandika pafu lipumue kwanza, halafu lijitambulishe, na lisipojitambulisha lipige kelele huku juu tumkamate mwizi akiwa hai. Niliweka anwani mbele kwa sababu ilikuja kwanza kichwani. Sikufikiria chemba. Sikufikiria mtu yeyote.

Sasisho lililokatika halikugusa sehemu ya kuchuja hewa; mstari wangu, uliobaki ndani ya pafu, ndio uliolifunga. Na sasa kuubadilisha huku juu kusingewasaidia, kwa kuwa pafu hulisoma faili jipya baada ya kupata anwani.

Hasira niliyokuwa nimemtunzia Bashaija ikageuka ikanitazama mimi. Sikuwa na muda nayo. Nikaendelea kusoma, na kwenye mstari wa mia na sita nikaikuta hali ya karakana.

Hali ya karakana tunaitumia kupimia. Pafu likiwa katika hali hiyo haliombi kitu, halikati tamaa, halijizimi. Linawasha tundu lake tu na kupitisha maneno ya pafu lililochomekwa nyuma yake. Ukuta ungeliona pafu moja tulivu, ungesikiliza hamsini zake mara moja, ungefungua. Baada ya hapo mapafu mengine yangechomekwa nyuma ya lile la kwanza moja baada ya jingine, yajizime yapendavyo, ukuta usijue. Pafu la kwanza lingekuwa daraja. Sheria ya Bashaija isingeguswa.

Lakini daraja halipumui. Watu sita kwa dakika nne ni dakika ishirini na nne, na mwenye daraja anabaki bila kitu. Pafu lililokwisha kupakiwa hufunga tundu lake la pili, eti mvamizi asijishikize nyuma yake, kwa hiyo wale sita wakishapona hakuna ambaye angeweza kumvusha wa saba. Mpaka mia tatu na arobaini watoke.

Niliwaeleza. Nilijitahidi niseme taratibu.

"Basi tutazunguka," Mihayo akasema, nikamsikia kwa mbali. "Huyu awe daraja kidogo, ampishe mwingine."

"Mkizunguka mnapoteza hamsini kila mara, na mwisho bado anabaki mmoja."

"Tusipotoka wote, tukae wote. Kifo cha wengi harusi."

"Mihayo, funga mdomo!" nikamwambia, na sijutii.

Ng'wasi akaishika simu. "Kabula, nisikilize. Hapa hatuchagui mtu. Hatuna desturi hiyo na hatutaianza leo humu gizani. Kama lazima awe mmoja, mtaje wewe uliye na mwanga."

Nikatazama chaji, ambayo tundu huisoma kila pafu linapochomekwa. Mapafu matano yalikuwa yamepungukiwa nguvu kwa kujizima na kujiwasha. Yasingeweza kubeba daraja dakika ishirini na nne. Mawili yaliweza. Pafu namba tatu lilikuwa na chaji sabini na tisa kwa mia. Pafu namba saba lilikuwa na themanini na moja.

Namba tatu alikuwa Ng'wasi.

"Namba saba," nikasema.

"Namba saba ni Lubango."

"Basi Lubango."

Ikaja sauti ya mwanaume, nzito, iliyotulia kuliko yangu. "Nduhu mhayo, dada," akasema, hakuna neno. "Nielekeze nibonyeze wapi."

Nikamwelekeza. Kitufe cha chini na cha pembeni, ushike mpaka taa iwe ya njano. Nikaandika kwenye daftari la zamu: namba saba, chaji kubwa zaidi. Ni kweli. Ni kweli pia kwamba arobaini ingetosha, na kwamba kati ya sabini na tisa na themanini na moja hakuna tofauti ambayo fundi yeyote angeijali. Ng'wasi nilimjua. Lubango sikumjua. Hiyo ndiyo hesabu niliyoifanya, na ilinichukua muda mfupi kuliko huu niliotumia kuisimulia.

*

Ukuta ulihesabu hamsini zake. Taa ikawa ya kijani na ikabaki ya kijani. Pafu la Mihayo lilipata anwani kwa sekunde mbili. Kule chini walishangilia. Nikasikia mtu anapiga kofi chuma. Mimi nilikuwa nazitazama zile sekunde mbili kwenye skrini natamani kuzitemea mate.

Dakika ya nne Mihayo akavuta pumzi yake ya kwanza safi na kuanza kulia. Akachomoa. Akachomeka wa pili.

Lubango alianza kuhesabu kwa sauti. Ng'wasi ndiye aliyemwomba, ili nijue yupo. Alikuwa anahesabu wachimbaji wenzake waliobaki, wakiisha anawarudia. Katikati ya hesabu akasema, "Dada, huo mtandao wenu una foleni kuliko zahanati." Wakacheka wote saba. Ningetoa mkono wangu mmoja asingesema vile, kwa sababu mpaka hapo alikuwa namba.

"Usiongee, unamaliza hewa," nikamwambia.

"Nisipoongea utajuaje?"

Dakika ya kumi na tano Ng'wasi akasema chupa imeisha. Watu watatu walikuwa na mapafu, wanne hawana. Wakalowesha vitambaa wakajifunga puani. Nikamgeukia Bashaija. "Wamebaki wangapi kwenye ngazi?"

"Mia moja na themanini."

"Ondoa ulinzi."

"Hapana."

"Ni tundu moja! Nitawaambia wavunje la pili kwa nyundo!"

"Na nani ataona gizani kama wamevunja lile lenyewe au lile lenye waya?" Macho yake yalikuwa mekundu. "Unadhani nafurahi? Niulize tena wakiwa wametoka."

Niliuliza tena baada ya dakika moja. Na baada ya mbili. Niliuliza mpaka mlinzi wa mlangoni akatoka nje kwa aibu.

Dakika ya ishirini na moja Lubango aliacha kuhesabu. Hakupunguza sauti, aliacha tu. Ng'wasi akamwita mara tatu. "Anapumua," akaniambia, "lakini hajibu." Kwenye pafu lake chaji ilikuwa imebaki hamsini na nne, daraja linafanya kazi vizuri kabisa. Dakika ya ishirini na nne Ng'wasi, aliyekataa kupakiwa kabla ya mwenzake yeyote, akapata hewa yake.

"Haya, tokeni," nikasema. "Mapafu yenu yatawavusha mpaka kwenye mdomo wa shimo."

"Hatutoki."

"Ng'wasi, nimekwambia tokeni!"

"Na mimi nimekwambia hatutoki. Zamu inatoka kama ilivyoingia. Ukimaliza kupiga kelele, tuambie tumlaze upande gani."

Sikuwa najua. Fundi wa mtandao anajua nini kuhusu mtu aliyevuta moshi? Nikasema wamlaze ubavu, kwa sababu nilishawahi kusikia hivyo mahali.

Mtu wa mwisho wa ngazi alitoka juani dakika ya thelathini na nne. Bashaija alikuwa ameshaushika ufunguo kabla redio haijamaliza kutamka. Tukazungusha pamoja. Ulinzi ukaondoka. Nikamwambia Ng'wasi alitoe pafu la Lubango kwenye hali ya karakana, aache waya palepale ulipo, asiguse tundu la pili. Pafu namba saba likajizima, likajiwasha, likaomba anwani. Likapewa kwa sekunde mbili.

Dakika nne baadaye likafungua hewa. Alikuwa amevuta moshi dakika ishirini na tatu.

*

Siku ya tatu Bashaija aliniletea karatasi niisaini. Ilisema kuchelewa kwa anwani kumetatuliwa kwa mujibu wa taratibu za usalama. Ilisema waliopoteza maisha: hakuna. Kila neno lilikuwa kweli na karatasi nzima ilinuka.

"Mstari wa arobaini na mbili hauko humu," nikasema.

"Hauhusiani na kuchelewa."

"Pafu lingepumua kwanza, ukuta ungeweza kuchelewa mpaka kesho. Niliuandika mimi, Injinia. Andika hivyo."

Akafikiri. "Ukiliweka hilo, uongozi utataka kujua nani mwingine alijua. Itafika mbali. Lubango yu hai. Mwache apone, na wewe upone."

"Kwa hiyo tukae kimya?"

"Tutarekebisha kwenye sasisho lijalo, kwa kibali."

Sikusaini. Nilirudi mezani kwangu nikaigeuza mistari miwili, hewa juu, anwani chini. Kazi ya kupepesa macho. Nikangoja zamu ya asubuhi itoke na ile ya mchana iwe bado haijashuka, nikatuma kwa mapafu elfu moja mia nne bila kibali cha mtu. Kisha nikaenda zahanati.

Wale sita walikuwa kwenye benchi la nje. Wanapokezana kukaa naye, nadhani unaweza kukisia kwa mtindo gani. Ng'wasi aliinuka akanikumbatia, akasema mbele ya wote, "Huyu ndiye aliyetutoa." Mihayo akanipa mkono. Nikawapita haraka.

Lubango alikuwa mkubwa kuliko sauti yake. Vidole vya mkono wa kushoto havikuwa vinamsikia. Alikuwa anavikunja kwa mkono wa kulia, kimoja kimoja. Alinitazama mpaka nikamwambia jina langu.

"Ahaa. Dada wa foleni." Sauti ilikuwa imebaki nusu.

Nilikuwa nimepanga maneno njiani. Yote yakanitoka. Nikamwambia habari ya mstari: kwamba pafu lake lilikuwa na uwezo wa kumpa hewa muda wote ule, na lilikatazwa na mimi, miaka mitatu kabla. Halafu nikamwambia habari ya sabini na tisa na themanini na moja. Nikamwambia Ng'wasi ni rafiki yangu. Sikulia. Nilikuwa nimekasirika mno kulia.

Alimaliza kukunja kidole cha mwisho.

"Kwa hiyo ulinichagua mara mbili," akasema.

"Ndiyo."

"Mara ya kwanza hata hukujua kama nimezaliwa."

"Ndiyo."

"Na wale pale nje wanajua?"

"Hapana. Nimekuja kwako kwanza. Nilidhani wewe ndiye unayestahili..."

"Mimi?" Akajaribu kuinuka, kikohozi kikamrudisha chini. Nikasogea nimsaidie, akanisukuma kwa ule mkono mzima. Sasa alikuwa na hasira, na ilikuwa hasira safi, haikuchanganyika na kitu. "Unataka nilibebe na hili peke yangu? Nikae nalo humu, wao wanakukumbatia pale nje? La zamu husemwa mbele ya zamu. Toka, dada. Nenda ukawaambie wao, wote sita, kama ulivyoniambia mimi. Usiruke kitu."

"Ng'wasi hatanisamehe."

"Sikukwambia ukaombe msamaha."

Nikatoka. Jua lilikuwa kali kwenye baraza, na Mihayo alikuwa anamimina chai kutoka kwenye chupa, kikombe kimoja, akanisogezea nianze mimi. Sikukipokea. Nikasimama mbele ya benchi, nikaanza na Ng'wasi, kwa sababu yeye ndiye niliyemjua.